Nimefuta Jina Lako Ukurasani, Papa

Bunia, Jumapili baada ya misa ya pili

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, na wote wanaolala chini ya paa lako. Magoti yako yanasemaje na mvua hizi? Mama ameacha kusimama majini kuchagua samaki huku anakohoa, au bado anajifanya msichana? Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala pale risasi zinaponiruhusu, na Mungu hajanisahau. Kinachonimaliza ni watu. Sisemi watu wa bunduki tu, hata watu wazuri, na wewe umo.

Barua yako ilifika Alhamisi mkononi mwa dereva wa samaki, inanuka kama yeye. Ndani nilikuta ule ukurasa wa groupement yetu, yaani vijiji vyetu vya shefu mmoja, niliokutumia mwezi uliopita, niliouchapa kwa karatasi chache tulizokuwa nazo. Umeujaza wino mwekundu kama daftari la mtoto wa darasa la tatu. Umesahihisha koma. Umesahihisha jina la kijito. Pembeni umeandika “sentensi nzito”. Na chini kabisa, pale palipokuwa na jina lako, umechora mduara na kuuliza: “Nani amefuta jina langu? Kwa ruhusa ya nani?” Barua ya kurasa mbili, Papa, na hukuniuliza hata kama nina afya.

Nimelifuta mimi, Berthe, mwanao. Hakuna aliyenituma. Na siku ile nilifuta majina ya wajitolea wengine wote, kutoka Kilo mpaka Mahagi, kwa sababu jina lililoandikwa chini ya ukurasa linaweza kumpeleka mtu kaburini, na kuna mmoja ambaye nusura limpeleke. Sasa keti, vua miwani yako ya kusahihishia, unisikilize kama baba, usinisikilize kama direktere wa shule.

Najua umewaambia watu wa kanisani kwamba napiga mashini kwa Wazungu. Hakuna Mzungu hapa. Kuna Mesye Deo, mkuu wa chama chetu, kuna mimi, kuna kompyuta tatu katika ukumbi wa nyuma ya parokia, na kuna jenereta inayokunywa kuliko mjomba Faustin alivyokunywa siku zake. Kazi yetu ni hii. Vita hii imevuruga mambo mpaka watu hawajui tena wako chini ya nani. Kijiji kimeungua, wenyeji wamehamia kwa jirani, shefu amekimbilia ng'ambo ya ziwa, mwenye bunduki ameweka shefu wake. Sasa inasemwa kutakuwa na uchaguzi. Mtu anauliza groupement yake ni ipi siku hizi, ofisi imehamia wapi, shefu anayetambuliwa ni nani, njia imefunguka au bado, na kila ofisi ya mji huu inamtuma kwenye ofisi nyingine. Ndiyo maana tukatafuta wajitolea, mmoja kwa kila groupement, wa kwetu ukiwa wewe, wakusanye habari za kwao, zikae mahali pamoja, kila mtu azisome.

Mahali hapo panaitwa wiki. Mwambie kaka yangu mkubwa, yaya Gaston, aache kuniuliza kama ina siku saba. Ni jina tu, tumelikuta. Ni kama kitabu kilicho ndani ya kompyuta, kila groupement na ukurasa wake. Tofauti yake na kitabu ni kwamba msomaji akiona kosa analirekebisha papo hapo, bila kumwomba mtu. Uzuri wake wote uko hapo, na taabu yangu yote pia.

Kilipotufikia kilikuwa kimetengenezwa na mtaalamu mmoja anayekaa mbali, sijui hata ni nchi gani, aliyefikiri kila mtu amezaliwa na kompyuta kitandani. Ukitaka kuandika kichwa cha habari, weka alama za usawa mbele, weka nyingine nyuma. Ukitaka kuunganisha ukurasa na ukurasa, tia mabano ya mraba, mawili huku, mawili kule. Menyu zote kwa Kifaransa cha mahakamani. Siku ya kwanza ya mafunzo katekista wa Nizi alizitazama zile alama, akauliza kwa upole kama tutafanya hesabu kwanza kabla ya kuandika. Mesye Deo naye ana neno moja tu, analo asubuhi, analo jioni: “Berthe, rahisisha.” Rahisisha! Kama vile urahisi ni chumvi, nachota nanyunyiza.

Basi nikarahisisha. Nilikaa majuma mengi nikizing'oa zile alama moja moja. Nikabakiza visanduku vinne vyenye maswali ya Kiswahili: shefu ni nani, ofisi iko wapi, soko ni siku gani, njia ikoje. Chini yake kitufe kimoja kikubwa cha kijani kimeandikwa WEKA. Mama mmoja muuza mihogo aliyeingia ukumbini kukwepa mvua tu alijaribu, akaweza. Siku ile nilirudi nyumbani naimba njiani, na wewe unajua sauti yangu.

Halafu wajitolea wakaanza kuitumia.

Papa, ni watu wa moyo. Hatuwapi hata kipande cha sabuni, na wanakuja kwa miguu kutoka mahali ambapo magari ya wale walinda amani wa kofia za bluu hayafiki. Lakini adabu yao itanitia wazimu. Kisanduku cha kwanza kinauliza shefu ni nani. Wao wanajibu: “Kwanza kabisa ninawasalimu ninyi nyote mutakaosoma hapa, ninawaulizia hali za jamaa zenu.” Salamu zinajaza kisanduku, jina la shefu linakosa nafasi. Nikaongeza kisanduku cha tano, cha salamu peke yake. Walifurahi sana. Wakasalimu humo, halafu wakasalimu tena kwenye kisanduku cha shefu, maana, waliniambia, mtu anawezaje kumtaja shefu bila kusalimu?

Kufuta nako ni kazi. Nimefundisha kufuta mpaka koo limekauka. Mzee mmoja aliandika kwamba njia ya Nizi iko wazi. Njia ikafungwa. Nikamwambia katekista, ambaye anakaa Nizi hiyo hiyo, afute neno “wazi” aandike “imefungwa”. Akanitazama kama nimemwambia avue nguo.

“Muzee mwenyewe njo aliandika ile,” akasema. “Mimi nani nifute maneno ya muzee?”

Akaandika chini yake: “Kwa heshima zote za muzee wetu, njia imefungwa.” Baadaye ikafunguliwa, akaja mwingine, akaongeza chini ya hapo kwamba anawashukuru wote wawili kwa mawazo yao mazuri, ila njia imefunguka. Ukurasa mmoja, njia moja, majibu matatu, na ukitaka kujua ukweli usome mpaka mwisho kama unasikiliza kikao cha ukoo. Mfanyabiashara mmoja alisoma mstari wa kwanza tu, siku ambayo njia ilikuwa imefungwa tena, akanyang'anywa baiskeli kwenye bariyeri ya watu wa bunduki. Alikuja kunitukana mimi. Katekista alikuwapo, akaniambia niwe na uvumilivu.

Hayo ningeyameza. Kilichonishinda kumeza ni majina.

Niliwaambia tangu mwanzo: andikeni habari, jina lako usiweke. Sisi tunajua nani ni mjitolea wa wapi, inatosha. Akasimama Mama Eliza, mjitolea wetu wa Bule. Ni mjane, mshona nguo, mfupi, ana sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto.

“Mamzele Berthe,” akasema, “weye unataka siye tuandike karatasi haina jina?”

“Ndiyo, mama. Kwa usalama wenu.”

“Karatasi haina jina, kwetu tunaiita trakte.”

Watu wote wakaguna. Na wewe, Papa, unajua wanaguna nini. Unajua zile karatasi zinazookotwa sokoni asubuhi, hazina mwenyewe, zinasema watu wa upande huu watamalizwa kabla ya Jumapili. Bule iliokota moja. Mama Eliza alitueleza jinsi watu walivyofunga mizigo kwa sababu ya mistari mitano, na waliobaki wakaanza kuviziana na majirani waliokuwa wanaazimana moto, na kabla ya hiyo Jumapili kufika watu walikuwa wamekatwa mapanga kweli. Kwa neno ambalo hakuna aliyejua limetoka kwa nani.

“Kama ingekuwa na jina,” akasema, “tungeenda kwake, tumuulize: weye, maneno hii ulitoa wapi? Tungemuuliza nani? Upepo? Mimi siwezi kuandika ya upepo.”

Wakampigia makofi. Nikajaribu kumpa kila mtu namba. Katekista akakataa, akasema yeye si mufungwa. Mesye Deo akaleta wazo la majina ya bandia, akajisifu kwa wazo hilo siku mbili. Mama Eliza akachagua Mushona Nguo wa Nyuma ya Soko. Na wewe, Papa yangu, nilipokuandikia uchague jina la kujificha, ulijibu: Direktere wa Zamani Mwenye Baiskeli ya Kijani. Baiskeli za kijani ziko ngapi pwani yote ya ziwa letu? Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia bila kucheka.

Mesye Deo akachoka. “Waache, Berthe. Jina ni pambo tu.” Nikawaacha. Wakaweka sahihi kamili, na siyo jina tu. Mama Eliza aliandika hivi chini ya ukurasa wa Bule: “Ni mimi Eliza Furaha, mushona nguo, nyumba ya pili nyuma ya soko, mlango wa mabati. Mwenye mashaka aje aniulize.” Wengine walipoona wakaona ni vizuri sana, wakarudi kwenye kurasa zao kuongeza milango.

Ukumbi wetu uko wazi kwa kila mtu, ndiyo maana yake. Kompyuta moja imewekwa karibu na mlango kwa ajili ya wasomaji. Mchana mmoja wa mwezi uliopita aliingia mwanaume wa makamo, koti la jeshi limefuliwa na kupigwa pasi, bunduki ameiacha kwa wenzake waliosimama nje. Alivua kofia. Alisalimu vizuri kuliko wajitolea. Akauliza mashini hii inasema nini, nikamweleza kama ninavyowaeleza wote, kwa sababu mdomo ulishazoea, na kwa sababu ningefanya nini? Nikamwonyesha pa kuandika jina la mahali. Akaandika B, akatafuta U, akaipata.

Mama Eliza alikuwa ameandika kwamba shefu anayetambuliwa Bule ni yule yule wa zamani, na kwamba huyu wa sasa aliwekwa na watu wa bunduki, wenyeji hawamjui. Mgeni wangu alisoma kwa sauti, polepole, kidole juu ya kioo. Alipofika chini akarudia peke yake: “Nyumba ya pili nyuma ya soko. Mlango wa mabati.” Akavaa kofia, akanipa mkono.

“Mashini hii iko muzuri, Mamzele,” akasema. “Iko rahisi kabisa.”

Ndiye mtu wa kwanza aliyenisifu kwa kazi ile. Nilimtazama akivuka barabara na wenzake, nikasema moyoni, nimemwua Mama Eliza.

Nilimtafuta mwenye pikipiki ninayemwamini, nikampa ujumbe wa mdomo: aende Bule, amwambie mama atoke nyumbani kwake leo hii. Halafu nikakaa kwenye kompyuta nikaanza kufuta. Kurasa zote, jina moja baada ya jingine, na milango yao. Lako lilikuwa karibu na mwisho. Nilipolifikia nilisimama kidogo, maana ulikuwa umeliandika kwa herufi kubwa kama ulivyokuwa unaliandika kwenye ripoti za shule. Kisha nikabonyeza. Ukurasa wa kwetu niliokutumia niliuchapa saa ileile.

Na bado haikuisha, kwa sababu wiki ina tabia ya kuhifadhi kila kilichofutwa, ili mtu aweze kukirudisha. Ukijua pa kubonyeza, majina yote yapo. Nilimwandikia yule mtaalamu wa mbali, anifundishe kuyaondoa kabisa. Alinijibu kwa barua pepe ndefu kwamba historia ya kurasa ndiyo uzuri wa chombo chenyewe, na kwamba uwazi hujenga imani. Uwazi! Nilitamani aje atembee Bule na uwazi wake, ana jina lake kifuani. Mwishowe nilipata njia mwenyewe, kwa kuvunja vitu viwili ambavyo sijui vilikuwa vya kazi gani.

Mwenye pikipiki alirudi kesho yake. Alikuwa amerudishwa kwenye bariyeri, mbele kidogo ya Nizi, na pikipiki karibu waichukue. Hakufika. Papa, siku zilizofuata sitaki kuzieleza. Nilikuja kazini, nikajibu watu, nikamsikia Mesye Deo akisema tusifikirie mabaya kwanza. Kila mwanamke mfupi aliyepita mlangoni nilimwinukia. Nilimwombea kwa rozari ya Mama mpaka uzi ukalegea.

Akaja. Mchana wa Jumatano, miguu imevimba, mikononi hana kitu, ndani ya kitenge amefunga mkasi wake wa kazi. Walikwenda kwake kweli. Yeye alikuwa kilioni, kijiji cha pili, na jirani akakimbia kumwambia asirudi. Walivunja mlango, wakachukua cherehani, wakachoma nyumba. Alitembea na akina mama wanaopeleka maharage, akalala mashambani, akafika. Nilimkumbatia nikalia kama mtoto. Alinipapasa mgongoni, akanywa maji vikombe viwili, akapangusa mdomo.

“Fungula page yangu,” akasema.

Nikaifungua. Akasoma yote, midomo inatembea. Alipofika chini akaangalia chini ya meza, kama vile limeanguka.

“Jina yangu iko wapi?”

“Nimelifuta, mama. Ulitaka wakuue?”

“Nyumba yangu banachoma,” akasema. “Mashini yangu banabeba. Jina njo ilibakia, na jina weye umebeba.”

Hakuishia hapo.

“Sasa kule Bule batasema nini? Batasema Eliza aliandika, halafu akafuta jina, akakimbia. Umenifanya muntu wa trakte, Mamzele.”

Akavuta kiti, akataka kuliandika tena. Na nyumba ya pili, na nyuma ya soko, na mlango wa mabati ambao haupo tena! Nilimshika mkono. Nilimpigia kelele, Papa. Mimi niliyelelewa na wewe, nilimpigia kelele mama mwenye umri wa Mama, mbele ya watu, kwamba mimi sikusoma miaka yote ile ili niwe nawatayarishia wauaji anwani. Kwamba nimechoka na salamu zao na heshima zao na milango yao. Kwamba kama wanataka kufa wafe kwa jambo jingine, siyo kwa ukurasa wangu. Katekista alitoka nje. Mesye Deo alijifanya anatafuta kitu katika droo.

Mama Eliza alisubiri nimalize. Hakukasirika hata kidogo, na hilo liliniudhi zaidi.

“Basi, toa yangu,” akasema. “Ni sawa. Lakini utatia ya nani? Maneno inataka muntu wake.”

Nilirudi nyumbani nikiwa bado nimekasirika, nikamkasirikia yeye, nikamkasirikia mtaalamu, nikakukasirikia wewe na wino wako hata kabla barua haijafika, maana nilijua itafika. Nilipika, chakula kikaungua. Na katikati ya hasira hiyo nikaona kwamba mimi ninawaambia watu waamini maneno yasiyo na mtu, katika nchi ambayo watu wamekatwa kwa maneno yasiyo na mtu. Na kwamba mtu wa kuyajibu maneno hayo hawezi kuwa Bule, wala Kilo, wala ziwani kwetu, mahali ambapo mlango unavunjwa na hakuna wa kuuliza. Anaweza kuwa hapa mjini, mchana, mbele ya parokia, ambapo wale wa kofia za bluu wanapita na magari yao, hata kama wanapita tu.

Asubuhi niliondoa kisanduku cha salamu. Mahali pake, kwenye kila ukurasa, niliweka mstari mmoja nilioufungia ndani ya mtambo, mjitolea hawezi kuugusa: “Maneno yote yaliyo hapa nayajibu mimi, Berthe Afoyo Ukumu. Nafanya kazi katika ukumbi wa nyuma ya parokia, Bunia. Mwenye mashaka aje aniulize.”

Mesye Deo alishika kichwa kwa mikono miwili. Alisema nitaua chama. Alisema nimekuwa kama wao. Mama Eliza alisogeza kiti, akasoma, akasoma tena.

“Hii sasa njo karatasi,” akasema. Halafu akauliza salamu nimezipeleka wapi.

Ijumaa hii, yaani juzi, yule mwanaume wa koti la jeshi alirudi. Mama Eliza alikuwa amehifadhiwa na masista, sisemi ni wapi. Safari hii mgeni wangu hakuhitaji kufundishwa. Alikaa, akafungua Bule mwenyewe, akashuka mpaka chini. Nikamwona anasoma jina, kisha ananitazama.

“Berthe njo nani?”

“Ni mimi.”

“Weye ulishafika Bule?”

“Sijawahi.”

“Na unajua shefu wa Bule namna gani?”

Nikamwambia: “Niliuliza watu wa kule, nikaandika. Kama kuna kosa, wewe uko hapo kwenye kiti. Andika iliyo kweli, na chini yake utie jina lako na mahali unapokaa, ili watu wajue pa kukuuliza.”

Aliweka vidole kwenye herufi. Akatazama ile WEKA ya kijani. Wenzake walikuwa wanamwangalia kutoka nje. Kisha akaondoa mkono, akavaa kofia.

“Nitarudi tena,” akasema.

Hakuandika neno.

Basi, Papa, nakutumia ukurasa mpya wa groupement yetu pamoja na barua hii. Jina la kijito nimelirekebisha, ulikuwa sahihi. Koma nimeziacha kama nilivyoziweka mimi. Na kabla hujachora mduara mwingine, soma ule mstari wa chini taratibu, uniambie Ukumu ni jina la nani. Ninakuomba kitu kimoja tu: endelea kuniletea habari za kwetu, njia na soko na ofisi, lakini uzilete kwa mdomo wa dereva wa samaki, na baiskeli yako usiitaje popote.

Msalimie yaya Gaston na mke wake. Msalimie shangazi Pauline anayeuza chumvi Mahagi-Port, umwambie kitenge alichonipa nimekitoa kwa mwenye shida kuliko mimi, asikasirike. Tate, mama yake Mama, umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu, umsemee sikioni kwa sauti kubwa kwamba bado sijaolewa, asiendelee kuniombea kila jioni, Mungu ameshasikia. Mjomba Faustin pia, na watoto wa mwalimu Jerome aliyekuwa msaidizi wako.

Mama ameongeza mistari miwili kwa mkono wake chini ya barua yako. Anasema Bunia imeharibika, nirudi nyumbani kabla ya Noeli, kitanda changu kiko pale pale. Mistari hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko barua yako yote. Mwambie siwezi kuja sasa. Mwambie wewe, kwa sababu wewe ndiye utakayeelewa: kila ukurasa unasema ninapatikana hapa. Mtu akija kuniuliza asinikute, basi nitakuwa nimeandika trakte.

Mwanao anayekupenda hata ukimchosha,

Berthe Afoyo Ukumu
Ukumbi wa nyuma ya parokia, Bunia